Jiwe Lina Wenyewe: Mwongozo wa Kuandaa Maonyesho ya Mawe Pamoja na Watu wa Lamu

Saa moja asubuhi gatini Lamu, mashua kutoka Maweni, machimbo ya mawe ya kisiwa cha Manda, zinashusha mawe. Hamali wanayapokea mkono kwa mkono, wanayatia kwenye shogi, punda wanapotelea vichochoroni, na kabla ya adhuhuri mawe yale yameshakuwa ukuta. Kazi hiyo ndiyo iliyoujenga mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini maonyesho mengi ya mawe niliyoyaona huanza na mihirabu iliyochongwa yakamalizikia kwenye kaburi la mnara. Katikati hapo mchimbaji haonekani, mchoma chokaa haonekani, wala mama anayeponda kokoto juani.

Maonyesho ya kwanza niliyoshiriki yalikuwa hivyo hivyo. Tuliandika kila kitu ofisini, tukachapisha, kisha tukawaalika wazee siku ya ufunguzi. Mwashi mmoja wa makamo ya babu yangu akasimama mbele ya kipande cha mwimo wa mlango, akasoma maelezo yetu, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe polepole. "Mwanangu, hili si la Maweni. Hili limetoka baharini. Tazama, halina makombe ndani, ni laini mwili mzima." Alisema kweli, na alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka pale tulipoandikia. Tangu siku hiyo sikubali kazi ya maonyesho ambayo watu wanaitwa kuja kutazama tu. Waingie mapema, wakati hata jina la maonyesho halijapatikana.

Yafuatayo ni namna ninavyoifanya kazi hii sasa. Jipe miezi sita, na mitatu ya mwanzo usichapishe kitu.

Yajue mawe kabla ya kuwauliza watu

Huhitaji kuwa mwanajiolojia, lakini usiende Maweni mikono mitupu. Mwamba unaochimbwa Manda ni matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, takriban miaka 125,000 iliyopita. Ni jiwe gumu, la kukwaruza, limejaa matundu na makombe. Hutolewa kwa mtaimbo, sululu na nyundo, na ndilo la kujengea kuta, ambazo katika nyumba za kale za Lamu hufikia unene wa nusu mita hivi.

Jiwe la pili ni tumbawe la baharini. Hilo lilikatwa lingali limelowa, wakati ambapo shoka na tezo huliingia kwa urahisi, likachongwa, kisha likaachwa likauke na kugumu. Ndilo lililotoa miimo ya milango, mapambo ya mihirabu na kazi nyingine za kuchonga zilizo nyororo. Ukiwa na vipande viwili, kimoja cha kila aina, mpe mgeni kila mkono kipande chake. Tofauti ataijua kabla hujasema neno.

Halafu kuna chokaa, na hapa ningependa maonyesho yoyote yakae kitako. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka moto ukaitoa hewa ukaa iliyomo ndani yake. Yakinyunyiziwa maji yanachemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga. Unga huo huachwa ukomae, ukichanganywa na mchanga hupakwa ukutani, na taratibu huinyonya tena hewa ukaa kutoka hewani na kugeuka kuwa jiwe kama ulivyokuwa mwanzo. Mtoto wa shule akilielewa jambo hili moja, ameelewa jinsi Lamu ilivyojengwa. Ataelewa pia kwa nini waashi wazee wanalia na saruji: saruji huziba. Unyevu na chumvi vinavyopanda ndani ya ukuta wa matumbawe hukosa pa kutokea, na jiwe linaliwa nyuma ya plasta ambayo kwa nje inaonekana nzima.

Boriti nayo usiisahau, ingawa ni mti. Urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita tatu, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba.

Tembea, kisha andika majina ya walioshika jiwe

Wiki mbili za mwanzo ni za miguu. Fuata jiwe moja kutoka shimoni hadi ukutani na kila mkono uliolishika uuandike: mchimbaji, mponda kokoto, nahodha wa mashua, hamali, mwenye punda, mwashi, kibarua wa kukoroga chokaa, mwenye nyumba. Kisha fuata mawe ambayo hayakwenda ukutani. Kuna kinoo cha kunolea visu, jiwe la kusagia liwa, mafiga, jiwe lililofungwa kamba likawa nanga, chubwi ya mvuvi. Kuna ukingo wa kisima uliochongwa mifereji na kamba za ndoo, mifereji ambayo ukiweka kidole ndani kinazama. Hicho kisima ningekipa nafasi kubwa kuliko kaburi lolote, kwa sababu kila mfereji ni wanawake waliovuta maji pale kwa miaka.

Utagundua haraka kwamba watu hawa hawakai baraza moja. Wengi wa Maweni walikuja kutoka bara kutafuta kazi, na wapo wanaouza mawe mjini kila siku lakini hawajawahi kuingia makumbusho. Mwashi wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale, na mchimbaji wa Maweni wanajuana kwa bei tu. Wenye nyumba za kale wana hofu zao, hasa wakisikia neno "urithi", maana mara nyingi neno hilo limewajia pamoja na katazo la kubomoa au kuongeza ghorofa. Usianze kwa kuwakusanya wote ukumbi mmoja. Watakaosema ni watatu, wale wale wanaosema kila siku.

Baraza ndogo, kwa wakati wa watu

Nenda walipo. Waashi wapate baada ya alasiri, wakishamaliza kazi na kuoga. Wachimbaji wafuate Maweni siku wanayoipanga wao, na uulize habari za bahari kwanza, kwani kusi likivuma mwezi wa Juni na Julai kuvuka si mchezo. Wanawake wa mjini wanataka kikao chao, ndani ya nyumba, na mwanamke wa kuwaongoza. Mwanamume akikaa pale, hata akinyamaza, mazungumzo yanabadilika. Ramadhani ni nzuri kwa mazungumzo ya usiku baada ya tarawehe, mbaya kwa kazi ya kujenga. Wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, mji umejaa wageni na kila nyumba ina shughuli, kwa hiyo usiweke kikao.

Lipa. Mama anayeponda kokoto analipwa kwa ndoo alizojaza, na akikaa nawe asubuhi nzima, ndoo zile hazipo. Muulize siku yake ni kiasi gani, umlipe hicho mkononi siku ile ile. Chai na mahamri ni adabu ya mwenyeji, si malipo.

Na jinsi ya kuuliza. Ukimwambia mtu "tueleze historia ya mawe", atakupa yale anayodhani umekuja kuyasikia: sultani, Waarabu, Wareno. Weka jiwe katikati ya mkeka. Kikao kimoja nilichokipenda kilikwenda hivi:

"Masalkheri, Fundi."

"Masalkheri. Karibu. Hilo jiwe umelitoa wapi?"

"Nimeambiwa ni zuri."

Akaligonga kwa kichwa cha nyundo, mara mbili. Likatoa sauti kavu, fupi. "Halina sauti. Jiwe zima hulia. Hili lina ufa ndani, ukilitia ukutani mvua ya pili litakutoka."

Baada ya hapo alizungumza saa nzima, nami niliuliza maswali manne tu: nani alikuonyesha kazi, jiwe bovu unalijuaje, ukuta gani mjini unajivunia, na ukuta gani ukiupita unaumia. Swali la mwisho ndilo linalotoa mambo. Rekodi kwa ruhusa tu, na kabla hujaondoka mrudishie asikie mwenyewe. Akisema "hapo futa", futa mbele yake.

Kamati ndogo yenye mamlaka ya kweli

Baada ya vikao sita au saba utakuwa umewaona watu wenye hamu. Waombe tisa au kumi wawe kamati, nusu yao wanawake, angalau wawili wa Maweni, na vijana wawili wanaojifunza uashi. Wape mambo matatu ya kuamua wao, na uyaandike mapema ili makumbusho yasije kuyarudisha nyuma: jina la maonyesho, vitu gani viingie, na maelezo gani yabandikwe. Mtunzaji wa makumbusho ana neno lake juu ya usalama wa vitu na ukweli wa tarehe. Asipewe kura ya kufuta hadithi kwa sababu haimpendezi mgeni.

Tarajia ubishi. Sisi tulibishana vikao viwili juu ya jina tu. Wanakamati kutoka Manda walitaka neno Maweni liwemo, wa mjini wakasema mgeni hatalielewa. Lilibaki.

Waliobeba mawe bila kulipwa

Huwezi kuonyesha nyumba za mawe ukanyamaza juu ya utumwa. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana, na sehemu kubwa ya kuchimba, kubeba na kuchoma chokaa ilifanywa na watumwa. Kila mtu mjini analijua hili, na wachache watalisema mbele ya jirani.

Usilipeleke kwenye kikao cha watu wengi. Lizungumze nyumba kwa nyumba, na wazee, wakiwa peke yao na watoto wao. Usimtaje mtu wala ukoo kuwa ni wa asili gani, hata kama mji mzima unajua, na usitundike picha ya zamani ya vibarua ukaandika "watumwa" bila ushahidi kuwa ndivyo walivyokuwa. Katika maonyesho njia iliyotufaa ni kueleza kazi kwa ukamilifu: jiwe hili lina uzito gani, limebebwa kutoka wapi, kwa kichwa cha nani. Tuliacha jiwe moja sakafuni lenye vishikio viwili vya kamba, ili mgeni ajaribu kuliinua. Pembeni sentensi mbili zilisema kuwa wengi walioinua mawe kama hayo hawakuwa na hiari. Mzee mmoja alisimama pale muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake akamwonyesha.

Kukusanya: deni, zawadi na sheria

Kila kitu kinachoingia kiwe na daftari lake. Andika jina la kitu kama mwenyewe anavyokiita, mahali kilipotoka, aliyekitoa, kama ni mkopo au zawadi, hali yake siku ya kukipokea, tarehe ya kurudishwa, na sahihi mbili. Piga picha pande zote, nakala moja ibaki kwa mwenyewe. Nasihi mkopo kuliko zawadi. Watu huwa wakarimu mbele ya kikao na kujuta usiku, na jiwe la kusagia liwa la marehemu mama yake mtu halina thamani ya pesa ya kulirudishia.

Usichukue kitu kutoka magofuni, hata kipande kilichoanguka chenyewe. Takwa, Manda, ni mahali pa serikali chini ya Makumbusho ya Taifa, na watu wa Shela bado huenda kuomba dua pale. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale, vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, kwa hiyo mtu akikuletea kipande cha kuchongwa alichokichimbua, usikinunue. Mpeleke mwenyewe ofisini akaripoti, mwende pamoja. Mawe ya makaburi yabaki makaburini; picha inatosha, na hiyo pia kwa idhini ya jamaa. Na tumbawe lililo hai baharini lisikatwe kwa ajili ya onyesho. Vipande vya nyumba zilizobomoka vipo vya kutosha.

Kusafisha: brashi laini, kavu. Jiwe lenye mabaki ya chokaa au rangi usilioshe kabisa. Siki na ndimu zikae mbali, maana jiwe hili lote asili yake ni chokaa na tindikali hulila. Kipande kilichokaa baharini, kama jiwe la nanga, kiloweke maji baridi ya kunywa na uyabadilishe mara nyingi kwa wiki kadhaa, la sivyo chumvi itatoka juu kama unga na kumega uso wake.

Uzito na mahali

Lamu tuna bahati ya majengo ambayo yenyewe ni maonyesho. Ngome, iliyoanza kujengwa baada ya vita vya Shela mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na wapo wazee ambao hawajawahi kupenda kuingia mlango ule. Waulize kamati kabla ya kuamua. Ua wa ngome ni mpana na hauna ngazi za kumhangaisha bibi mwenye magoti mabovu. Ukiweka mawe ghorofani katika jengo lolote la kale, kumbuka yanakaa juu ya boriti. Pima kila jiwe kwa mizani, mazito yaweke chini au kandokando ya kuta, na usirundike katikati ya chumba hata kama panapendeza.

Maelezo ya ukutani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Kidaka. Matumbawe. Karne ya 18."

La pili: "Kipande hiki kilikatwa baharini, kikachongwa kabla hakijakauka. Weka kidole ukingo wa kushoto: patasi iliteleza hapa, na fundi akapaziba kwa chokaa. Tumeonyeshwa na waashi wawili wa Mkomani. Jina la aliyechonga limepotea."

Maneno hayazidi hamsini. Kiswahili kije juu na kwa herufi kubwa, Kiingereza chini. Mzee akisema "ndia" usimsahihishe kuwa "njia". Yaandike maneno yake kama yalivyotoka kinywani, mji huu una lugha yake. Kisha yasome kwa sauti mbele ya waliokusimulia, wote, pamoja na wasiojua kusoma. Sentensi inayomfanya mtu akune kichwa, ibadilishe pale pale. Bandika kwa karatasi ya kawaida na gundi ya karatasi kwa wiki mbili kabla ya kuchapisha bango la gharama. Sisi tulibadilisha karibu theluthi ya maelezo katika wiki hizo.

Jenga ukuta

Kama una pesa ya jambo moja tu, iweke hapa. Waashi wawili na vijana wanne wajenge ukuta wa mita mbili uani, mbele ya watu, na wauache umefunuliwa tabaka kwa tabaka: upande mmoja mawe matupu, unaofuata umejazwa vifusi na chokaa, kisha plasta ya kwanza, kisha niru, plasta ya mwisho, nyeupe, laini, iliyosuguliwa. Kandokando yake kiwe kipande kidogo kilichopakwa saruji, ili baada ya msimu wa mvua watu waone wenyewe kinavyokuwa.

Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa na kukomaa. Isiyozimwa inachoma ngozi na kupofusha, na uani kuna watoto. Anayegonga jiwe avae miwani ya kazi, na mgeni asimame nyuma ya kamba. Vijana wale wanne walipwe na wapewe barua inayotaja kazi waliyoifanya. Barua hiyo inamsaidia kijana kupata kazi ya kukarabati nyumba kuliko picha yoyote ya ufunguzi.

Siku ya kufungua, na siku ya kufunga

Fungua mara mbili. Mara ya kwanza, jioni moja kabla, kwa waliotoa mawe na maneno yao, na jamaa zao, bila hotuba. Tuma mashua ikawachukue watu wa Maweni na iwarudishe. Kesho yake wageni rasmi. Wanaowatembeza wageni wawe wale wale waliojenga na kusimulia, kwa zamu, kwa malipo.

Weka daftari la maoni na pia mtu wa kuandika maoni ya wasioandika. Kila mwezi kamati ikae, isome, ibadilishe kinachostahili. Kama maonyesho yanaingiza kiingilio, waeleze kamati kiasi na kinavyotumika kila wanapokaa.

Na siku ya kufunga, usiwaambie watu waje kuchukua vitu vyao. Vipeleke wewe. Chukua daftari la mikopo, kodi punda, zunguka nyumba kwa nyumba, linganisha kila jiwe na picha yake mbele ya mwenyewe, atie sahihi. Jiwe la liwa lirudi sahani ile ile, juu ya kabati lile lile ulipolikuta. La mwisho liwe la Maweni: vuka nalo asubuhi, maji yakiwa yamejaa, mpe mchimbaji mkononi.